Kabla ya programu, mchoro: nani atashika funguo tatu za AVEC?

Kila mwaka, masomo yakikaribia kwisha, maduka ya kopi karibu na vyuo vikuu vya Lubumbashi, Bukavu, Goma na Kisangani hujaa wanafunzi wa infomatiki wanaochapisha kazi zao za mwisho. Ndani ya kila kazi kuna sura ambayo haikosi: sura ya michoro. Humo mna watu wa vijiti, mayai yenye maneno ndani, na masanduku yaliyounganishwa kwa mishale. Juu ya michoro mingine bado yanaonekana maandishi ya Kiingereza yanayosema kwamba programu iliyotumiwa kuchora haijalipiwa. Jopo la walimu linageuza kurasa, linauliza swali moja au mawili juu ya mshale uliokosewa, kisha mwanafunzi anapewa pointi zake. Michoro inalala katika kabati ya maktaba. Programu yenyewe, mara nyingi, inalala katika kompyuta ya mwanafunzi.

Hapo ndipo penye shida. Katika masomo ya Congo mchoro wa programu umegeuka kuwa pambo la TFC, kitu kinachofanywa mwishoni ili kutimiza sharti la mwalimu. Wanafunzi wengi huandika programu kwanza, halafu wanatafuta mchoro unaofanana nayo. Wengine huchukua mchoro wa kaka aliyewatangulia, wanabadilisha majina, na mambo yanaisha. Lakini mchoro ulibuniwa kwa kazi ya kinyume: kuonyesha kosa mapema, wakati kulifuta kunahitaji kifutio tu, kabla halijawagharimu watu pesa zao.

Na makosa hayo si ya vitabuni. Programu zinaingia katika maisha ya raia kila siku: katika vituo vya afya, shuleni, katika malipo ya mishahara, katika vikundi vya akiba vya akina mama wachuuzi. Anayechora programu ndiye anayeamua nani anaruhusiwa kufanya nini. Ni uamuzi wa mamlaka, hata kama unafanywa na kijana wa miaka 23 mbele ya kompyuta ya kuazima.

Michoro hii ilitoka wapi

Katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, kila mtaalamu wa programu alichora kwa namna yake. Grady Booch, Mmarekani, alichora sehemu za programu kama mawingu. Mwenzake James Rumbaugh, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Electric, alitumia masanduku ya pembe nne. Ivar Jacobson, Mswidi aliyekomaa katika mitambo ya simu ya kampuni ya Ericsson, alianza na swali lingine kabisa: nani atatumia mtambo huu, na anataka kufanya nini nao? Ni kwake walikotoka wale watu wa vijiti ambao kila mwanafunzi wa infomatiki anawajua.

Watu hao watatu walikutana katika kampuni moja, Rational Software: Booch alikuwepo, Rumbaugh akaja mwaka wa 1994, Jacobson akafuata mwaka wa 1995. Waliunganisha namna zao za kuchora kuwa moja, ikaitwa UML. Mwaka wa 1997 shirika la OMG liliikubali kuwa lugha ya pamoja. Leo UML ina aina 14 za michoro. Kampuni hiyo iliuza pia programu ya kuchorea, Rational Rose, na mwaka wa 2003 ikanunuliwa na IBM.

Congo, kama nchi nyingi zilizosoma kwa Kifaransa, ilikuwa tayari na mwalimu mwingine: Merise, njia iliyozaliwa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1970. Hadi leo kuna vyuo vinavyofundisha Merise, vingine UML, na vingine vinachanganya zote mbili katika kazi moja. Ubishi juu ya ipi ni bora huchukua saa nyingi darasani. Ubishi huo haumsaidii sana mtu atakayetumia programu. Anachohitaji yeye ni kwamba mchoro, wa aina yoyote, useme ukweli juu ya kazi yake.

Funguo tatu, sanduku moja

Chukua mfano ambao wakaaji wa Kivu, Ituri na kwingineko wanaufahamu: AVEC, yaani kikundi cha kijiji cha kuweka akiba na kukopeshana. Namna hii ilianza Niger mwaka wa 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ikaenea Afrika nzima. Wanachama hukutana, mara nyingi kila wiki. Kila mmoja ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano. Kuna mfuko wa kusaidiana, kuna mikopo, kuna faini kwa anayechelewa. Baada ya muda wa karibu mwaka mmoja, pesa zinagawanywa na mzunguko unaanza upya.

Pesa hizo si kidogo. Kikundi cha watu 20, kila mmoja akinunua hisa tano za franga 2,000 kila wiki, kinakusanya franga 200,000 kwa wiki. Kwa wiki 50 ni franga milioni 10, bila kuhesabu faida ya mikopo. Ni karo za watoto, ni mtaji wa mwaka unaofuata.

Kwa sababu hiyo, pesa zinakaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu mwingine. Linafunguliwa mbele ya watu wote tu, siku ya mkutano. Hakuna aliyesoma infomatiki katika kubuni jambo hilo, lakini ni ulinzi ambao benki nyingi zingeuheshimu.

Sasa kijana mwenye nia nzuri anataka kuiweka AVEC ya mama yake katika simu. Anafungua programu ya kuchorea, anachora mchoro wa matumizi. Anaweka watu wawili wa vijiti: mmoja anamwita «mtumiaji», mwingine «msimamizi». Mtumiaji anaangalia akiba yake. Msimamizi anaandika hisa, anakubali mikopo, anasahihisha makosa, anafunga mzunguko. Mchoro ni safi, mishale imenyooka, jopo litaukubali.

Lakini funguo tatu zimepotea. Kile ambacho kikundi kilikigawa kwa watu wanne sasa kiko mikononi mwa mtu mmoja mwenye neno moja la siri. Anaweza kubadilisha hesabu ya jana usiku akiwa kitandani, na hakuna atakayejua. Kijana huyo hakukusudia wizi. Alichukua watu wawili wa vijiti kwa sababu ndivyo mifano yote ya darasani inavyofanya.

Kama angepeleka karatasi hiyo kwenye mkutano wa Jumamosi na kuwauliza akina mama: «Nani yuko hapa katika mchoro, na nani hayuko?», jibu lingekuja kwa dakika moja. Karani yuko wapi? Wenye funguo wako wapi? Mkutano wenyewe uko wapi, maana bila mkutano sanduku halifunguliwi? Hapo mchoro ungefanya kazi yake. Na marekebisho yangegharimu karatasi moja.

Mchoro wa klasi nao, ule wa masanduku, una jambo ambalo wanafunzi hulipita haraka: namba ndogo zinazoandikwa kwenye ncha za mistari. Kati ya «Sanduku» na «Mwenye ufunguo» iandikwe 3. Kati ya «Mwanachama» na «Hisa» katika mkutano mmoja iandikwe 1 hadi 5. Kati ya «Mwanachama» na «Mkopo ambao haujalipwa», je, iandikwe moja, au yoyote? Kila namba ni kanuni ya kikundi. Anayeiandika bila kuuliza anatunga sheria kwa niaba ya watu ambao hawajamchagua.

Mkopo wa mtu aliyekimbia

Kuna mchoro mwingine ambao TFC nyingi huuacha kwa sababu jopo haliudai: mchoro wa hali. Unaonyesha kitu kimoja kinavyopita kutoka hali moja hadi nyingine. Mkopo umeombwa, umekubaliwa, umetolewa, umelipwa. Au umechelewa, na faini inaanza kuhesabiwa. Katika vitabu vya Ulaya mchoro unaishia hapo, na kwa Ulaya pengine unatosha.

Kwa Goma hautoshi. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na siku tano baadaye sehemu ya mji iliamriwa kuhama. Watu walikimbilia Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Mwezi wa kwanza 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, mabenki yalifunga milango. Katika hali kama hizo mwanachama wa AVEC hakuchelewa kulipa. Amekimbia. Kikundi chenye busara kinajua tofauti hiyo, kinakaa na kuamua: faini isimame, mkopo usubiri, mtu akirudi tutaongea.

Programu haina busara. Kama katika mchoro hakuna hali inayoitwa «umesimamishwa», kompyuta itaendelea kuhesabu faini kila wiki, usiku na mchana, kwa mtu anayelala chini ya shiti kambini. Atakaporudi atakuta deni ambalo hakuna mtu aliyeamua kumpa. Na karani atamwambia kwamba si yeye, ni mashine.

Sanduku moja la ziada katika mchoro, na mishale miwili: mmoja wa kusimamisha, mwingine wa kurudisha. Halafu swali moja: nani ana haki ya kuuvuta mshale huo, mwenyekiti peke yake au mkutano? Kazi ya kuchora haizidi robo saa. Kazi ya kurekebisha programu iliyokwisha kuandikwa na kusambazwa katika simu za watu ni ya wiki nyingi, na imani iliyovunjika katika kikundi haina fundi.

Mshale unaotoka na mshale usiorudi

Wakaaji wa miji ya Congo wanatumia simu kutuma pesa kuliko benki. Kila mmoja amewahi kuona jambo hili: pesa imetoka, lakini ujumbe wa kuthibitisha haujafika. Mtandao umekatika katikati. Je, pesa imefika au haijafika? Mtu atume tena au asubiri?

Kwa shida hiyo kuna mchoro wa mfuatano. Unachora wahusika juu, mmoja pembeni ya mwingine, na mistari inayoshuka chini kama muda unavyopita. Mshale unatoka kwa mwanachama kwenda kwenye simu, kutoka simu kwenda kwenye kampuni ya mtandao, kisha mshale wa jibu unarudi. Uzuri wake ni kwamba unamlazimisha mchoraji kuweka kidole juu ya kila mshale na kuuliza: na huu usiporudi? Katika nchi ambamo umeme hukatika bila hodi na mtandao hupotea mvua ikinyesha, swali hilo ndilo kitovu cha kazi nzima. Programu ambayo haikujiuliza itamwandikia mwanachama malipo mara mbili, au haitamwandikia kabisa.

Swali hilo hilo lilipaswa kuulizwa katika mambo makubwa zaidi. Mwaka wa 2020 serikali ilianzisha RAM, orodha ya simu za mkononi, pamoja na malipo yaliyokatwa katika mayuniti ya wenye simu. Raia walilalamika kwamba mayuniti yanatoweka bila wao kukubali, wabunge wakalizungumzia, na mwaka wa 2022 malipo hayo yakafutwa. Mtu akichora jambo hilo katika karatasi, ataona mshale unaotoka katika simu ya raia bila mshale wowote unaomuuliza kwanza. Mchoro wa namna hiyo, ukibandikwa mahali pa wazi kabla ya kuanza, ungezua mjadala wakati bado kuna la kubadilisha.

Vivyo hivyo kwa mishahara ya walimu iliyohamishiwa benki. Katika karatasi, mshale kati ya «mwalimu» na «benki» una urefu wa sentimita mbili. Kwa mwalimu wa kijijini Walikale au Shabunda, mshale huo ni safari ya siku kadhaa, nauli ya moto na siku za darasa zinazopotea. Mchoro mzuri ungemweka mhusika mwingine katikati: barabara.

Mchoro useme lugha gani?

Michoro karibu yote inayotolewa vyuoni iko katika Kifaransa. Inaeleweka, kwa maana masomo ni ya Kifaransa. Lakini mweka hazina wa AVEC, muuguzi wa kituo cha afya cha kijijini na mkuu wa ushirika wa kahawa wanafanya kazi zao kwa Kiswahili, Kimashi au Kinande. Ukiwapa karatasi yenye maneno ya Kifaransa cha chuo watatikisa kichwa kwa heshima, watasema ni vizuri, na hawatasahihisha kitu. Heshima hiyo ni hasara.

Hakuna programu ya kuchorea inayokataza Kiswahili. Ndani ya sanduku mtu anaweza kuandika Mwanachama, Hisa, Mkopo, Faini, Mzunguko. Hata lugha za programu zenyewe zinakubali majina hayo. Tena maneno ya kikundi yana maana ambazo tafsiri huziua. «Mfuko wa kusaidiana» si «akaunti ya pili». Pesa yake haikopeshwi ovyo, inatolewa kwa msiba au ugonjwa. Mwanafunzi anayeliacha neno la wenyewe katika mchoro anaiacha pia kanuni yao.

Wanaopinga wana hoja

Kuna wanainfomatiki, tena wazuri, wanaosema michoro ni kupoteza muda. Wasidharauliwe. Mwezi wa pili 2001, wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakatoa tamko lililosema kwamba programu inayofanya kazi ina thamani kuliko rundo la karatasi zinazoieleza. Mwaka wa 2013, Marian Petre, mtafiti wa Open University ya Uingereza, alichapisha matokeo ya mahojiano na watengenezaji wa programu 50. Kati yao, 35 hawakutumia UML hata kidogo. Wengi wa waliobaki walichukua michoro michache tu, wakati wa haja.

Hoja hiyo inabomoa kitu kimoja kwa haki: desturi ya kudai michoro minane katika TFC, yote ikiwa imejaa na hakuna aliyeisoma. Lakini haibomoi mchoro wenyewe. Martin Fowler, mmoja wa wale 17, ndiye aliyeandika kitabu kifupi kinachojulikana sana juu ya UML, na yeye hutofautisha mchoro wa kuongelea na mchoro wa kujengea kama ramani ya nyumba. Ule wa kuongelea, wa haraka, usiokamilika, ndio Congo inaouhitaji kwanza.

Wengine wanasema: vifaa viko wapi? Kweli, programu kubwa kama Enterprise Architect zinalipiwa kwa dola, na mwanafunzi hana. Lakini kuna za bure. Modelio na Papyrus zinajenga mfano kamili: ukibadilisha jina la sanduku mahali pamoja, linabadilika katika michoro yote, na mfano huo unaweza kutoa mwanzo wa programu yenyewe. draw.io inachora picha tu bila kuelewa kilicho ndani, lakini inafanya kazi hata bila intaneti ikishawekwa katika kompyuta. PlantUML haihitaji hata kuchora: mtu anaandika mistari michache ya maneno na mchoro unajitokeza, na faili yake ni nyepesi kiasi kwamba inapita katika mtandao dhaifu. Na umeme ukikatika, kuna karatasi na kalamu. Jopo linalokataa mchoro wa mkono kwa sababu si nadhifu linapima kitu kisicho na maana.

Wapo pia wanaosema kwamba akili mnemba sasa inaweza kuchora yote kwa sekunde. Inaweza. Ukiiambia ichore programu ya kikundi cha akiba, itakupa masanduku mazuri, pamoja na mtumiaji na msimamizi wake. Ikiambiwa juu ya funguo tatu, itaziweka. Lakini lazima kwanza awepo mtu aliyekwenda kwenye mkutano na kuziona.

Nini kifanyike

Vyuo vikuu vinabadilisha masomo yao kuingia katika mfumo wa LMD. Ni nafasi nzuri ya kubadilisha pia namna ya kupima kazi za infomatiki. Badala ya michoro minane, mitatu inatosha: nani anafanya nini, vitu vinaunganishwa vipi, na mambo yakiharibika inakuwaje. Mwanafunzi aonyeshe mchoro wake wa kwanza, wa mkono, wenye tarehe, na mabadiliko yaliyoletwa na watumiaji. Swali la jopo lisiwe «mshale huu una kichwa cha namna gani?» bali «nani alikwambia kwamba ni hivi?». Na siku ya kutetea kazi, mtumiaji mmoja aalikwe: muuguzi, karani wa soko, mweka hazina. Dakika zake tano zitamfundisha mwanafunzi zaidi ya kurasa nyingi.

Kwa upande wa mashirika, shule, hospitali na vikundi vinavyoagiza programu, kanuni iwe rahisi: sehemu ya mwisho ya malipo isitoke kabla ya michoro kukabidhiwa na kueleweka. Kijana aliyeandika programu leo kesho atakuwa Kigali, Kampala au Ulaya, na hakuna wa kumlaumu. Akiondoka bila kuacha mchoro, anaondoka na ufunguo. Anayekuja nyuma yake atalazimika kubahatisha au kuanza upya, na kikundi kitalipa mara mbili.

Serikali nayo imejipa sheria ya numeriki ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Ni hatua. Lakini raia hasomi vifungu vya sheria anapopoteza pesa zake katika simu. Kwa kila programu inayogusa mshahara, kodi, kura au afya ya watu, ingefaa mchoro mmoja rahisi uwekwe wazi, kwa Kifaransa na kwa lugha za taifa, ukionyesha habari ya raia inapoingia, nani anaiona, na pesa inapita wapi. Ukurasa mmoja. Anayesema haiwezekani kuueleza mtambo wake katika ukurasa mmoja aulizwe kama yeye mwenyewe anauelewa.

Akina mama wa AVEC hawakuhitaji UML ili wajue kwamba pesa za watu wengi hazikai chini ya mkono wa mtu mmoja. Walichora ulinzi wao kwa chuma na kufuli. Kijana anayetaka kuuhamishia ulinzi huo katika simu ana deni moja kwao: aketi nao, achore wanayosema, awasomee alichochora, na asiandike hata mstari mmoja wa programu kabla hawajaziona funguo zao zote tatu katika karatasi.